Wifi Kwenye Jalada

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza chuo kikuu. Mimi! Niliyeishia darasa la nne. Ni kozi ya mchana ya watu wazima, ya kupanga magazeti na vijitabu vya kuchapwa. Mwishoni kuna cheti. Sina cheti hata kimoja mimi. Cha kuzaliwa chenyewe kililiwa na mchwa. Mwanangu mkubwa akasema mezani kwamba nitachoka kabla ya wiki kwisha. Nikamwambia nilimbeba yeye miezi tisa sikuchoka, sembuse karatasi.

Nikaingia darasani kifua mbele. Nani kakaa mstari wa kwanza na kalamu tatu? Wifi yangu! Dada wa marehemu mume wangu, anayekagua masufuria yangu tangu nilipoolewa. Eti kaja kuniunga mkono. Nikamwambia mkono wangu haujavunjika.

Mwalimu ni kijana, miwani kama madirisha. Kanipa shikamoo ya heshima. Nimemsamehe ile suruali yake ya kubana.

Jumanne, 5 Machi

Leo aina za herufi. Nimetumia kumi na moja kwenye ukurasa mmoja, maana zimejaa kwenye kompyuta na zimekaa bure. Mwalimu akasema ukurasa wangu ni kama kikao ambamo kila mtu anasema kwa wakati mmoja. Nikamjibu kwetu ndivyo tunavyoishi na watoto wamekua.

Wifi katumia aina moja tu. Kasifiwa! Eti unadhifu. Mwenye gauni moja naye husema hapendi makuu.

Alhamisi, 7 Machi

Tuko wanafunzi wanane, wamo muuguzi mmoja na dereva mstaafu. Tutatoa kijitabu kimoja cha kurasa nane, cha mawaidha ya nyumbani, kila mtu ukurasa wake. Kitaonyeshwa Ijumaa ijayo mbele ya wageni. Mwalimu kasema wazi: mwenye ukurasa kitabuni ndiye mwenye cheti. Asiyeonekana asilie.

Ukurasa wangu unaitwa "Mambo Yanayoniudhi." Nimeujaza kuanzia ncha hii hadi ncha ile. Mwalimu akasema niache pambizo, yaani ukingo mweupe, pande zote, nipunguze na maneno, ukurasa upumue. Nikamwambia karatasi haina mapafu. Akacheka, akafuta. Kafuta yote ya wakwe. Kafuta na wanaofunua sufuria ya watu bila kuuliza. Kumbe elimu ya juu ni kufuta.

Nyumbani nimewatangazia kwamba nitakuwa kwenye jalada. Hakuna aliyeniambia, ila ni nani mwingine?

Jumatatu, 11 Machi

Kura ya jalada. Nilijiandaa. Nilikwenda na karanga za kukaanga, nikazigawa kwa darasa zima, huku nikiwauliza kwa upole kama wanaona sura yangu inafaa kuchapwa. Wote wakasema inafaa sana. Muuguzi akajiongezea konzi ya pili ya karanga.

Kisha wakamchagua Wifi! Wamekula karanga zangu, wakanyoosha mikono yenye chumvi yangu. Mimi nilinyoosha miwili. Mwalimu akahesabu mmoja.

Basi Wifi ndiye ukurasa wa kwanza, picha yake na cherehani, meno yote nje. Muuguzi wa pili. Dereva mstaafu wa nane, nyuma kabisa. Mimi nimewekwa wa saba. Mwalimu ananifariji kwamba saba si mwisho. Najua si mwisho, nimesoma hadi darasa la nne!

Mjukuu wangu, mke mwenzangu yule, kauliza usiku jalada linaendeleaje. Nikamwambia linaendelea.

Jumanne, 12 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Karatasi zimetoka mtamboni, na mwalimu kaomba mtu wa kuzikunja na kuzipiga pini. Nikasimama kabla hajamaliza. Wifi akaniangalia kwa pembe ya jicho, akauliza nimeanza lini kujitolea. Nikasema ni umri.

Kazi yenyewe rahisi. Marundo mawili ya karatasi kubwa. Ya rundo la ndani unaikunja katikati, ya rundo la nje unaikunja, unaipachika moja ndani ya nyingine kama sahani, pini mbili mgongoni. Kitabu tayari.

Rundo la nje, juu yake, Wifi. Karatasi inayofuata, Wifi. Rundo zima la Wifi ananichekea! Sikuligusa kulichunguza, nililifunika kwa shuka, nikalitia kwenye kikapu na kupita mlangoni nikiimba. Sasa liko chini ya godoro langu. Vijitabu nimevikunja vya ndani peke yake, nikavifunga ndani ya sanduku kwa kamba. Asilegeze mtu mpaka Ijumaa.

Wakiuliza nitasema mashine imekula. Mashine haina mdomo wa kujitetea.

Jumatano, 13 Machi

Wifi kaja kuomba uzi. Watu wana viti, yeye kakaa kitandani kwangu. Kitanda kikalia kwaruu. Akauliza ni nini. Nikasema ni mgongo wangu. Akasema mgongo wangu mbona uko mlangoni umesimama? Nikampa uzi, nikampa na sindano, nikampa na mkasi, ilimradi aondoke.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike pole pole. Mambo ni mengi.

Ukumbi ulijaa. Mwanangu alikuja na shati la pasi. Mjukuu alinishika mkono kama bibi harusi. Mwalimu akakata kamba ya sanduku, vijitabu vikagawiwa. Wifi kasuka nywele mpya kwa ajili ya jalada lake. Akakipokea kijitabu, akakitazama. Akakipindua. Akakipindua tena. Sura ikamshuka kama pazia lililokatika kamba. Lo! Nilinawiri.

Mjukuu akafunua chake, akauliza Bibi uko wapi. Nikamwambia atulie, mimi ni saba. Akahesabu: tatu, nne, tano, sita. Akauliza saba iko wapi.

Baada ya sita palikuwa na meza.

Nikampokonya, nikahesabu mwenyewe. Tatu, nne, tano, sita, meza. Sipo! Muuguzi anapiga kelele kwamba naye hayupo. Dereva hayupo. Mwalimu akavua miwani, akaeleza kwa sauti ya kilio kwamba karatasi ya nje yote imekosekana: upande mmoja ni ukurasa wa kwanza na wa nane, upande wa pili ni ukurasa wa pili na wa saba. Karatasi moja, watu wanne.

Upande wa pili! Mimi niliona ule wa juu tu, tena Wifi peke yake, hata dereva wa kando yake sikumwona. Sikugeuza. Ningegeuzaje na lile jicho linanitazama?

Nikasema mashine imekula. Mwalimu akasema alisimama mtamboni mwenyewe mpaka karatasi ya mwisho. Akasema kwa huzuni kwamba asiyekuwemo kitabuni hana cheti, ndiyo kanuni, na mgeni wa kutoka utawala wa chuo yupo anasikiliza. Mwanangu akatazama sakafu. Bora angesema si nilikwambia. Nilikaa nikaona darasa la nne linanirudia, lile benchi, ule mlango ninaotoka na wenzangu wanabaki.

Ndipo Wifi akanisogelea sikioni. Akaninong'oneza: kaulete mgongo wako.

Kabla sijameza mate, kashageuka kwa watu. Anawaambia kwa sauti ya mwenye nyumba kwamba jamani tusameheane, ni yeye aliyenishauri nizihifadhi karatasi za nje nyumbani zisishike vumbi, na sisi wazee tumesahau. Wazee! Kanizidi miaka miwili, leo tumekuwa rika moja. Nikamnong'oneza mjukuu atazame chini ya godoro, akakimbia nyumbani. Akarudi na rundo, limekunjamana kwa umbo langu, maana nimelalia siku tatu.

Tulikaa chini mimi na Wifi, tukatoa pini, tukapachika za ndani ndani ya za nje, tukapiga pini upya. Wageni wanakunywa soda, sisi tunakunja. Hakuacha kunisema. Eti mwizi mzima nimejiibia mwenyewe. Eti chuki yangu ingekuwa na macho ningefika mbali. Nikamwambia apige pini zake kimya. Akaniambia ni bahati yangu mgongo ule wa chini ya godoro haukuliwa na mchwa kama cheti changu cha kuzaliwa. Nani kamwambia habari ya mchwa? Mwanangu! Nitamshughulikia.

Kisha nikaitwa. Jina langu, mbele za watu, kwa kipaza sauti. Nikajifunga khanga vizuri, nikaenda. Mwalimu akanipa cheti kwa mikono miwili. Nikapitisha kidole juu ya jina langu. Halikufutika. Mwanangu alisimama akapiga makofi mpaka shati likatoka kwenye suruali. Nilimkaripia alichomekee, maana kama ningesema kingine ningelia.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi kaja kunywa chai. Kasema hajamwambia mtu. Akakaa akisubiri nimshukuru. Nikamtilia kwenye kikombe kisicho na ufa. Mwenye akili angeelewa. Akafunua sufuria yangu ya maziwa bila kuuliza! Nikamwacha akague. Ndiyo deni lake hilo, nimelilipa.

Kijitabu kakiweka mezani, jalada juu, akakaa anajitazama. Nikakigeuza. Akakigeuza. Tukafanya hivyo mpaka chai ikapoa.

Alipoondoka nikampigia mwalimu simu. Kuna kozi nyingine mwezi ujao, ya mabango ya kubandika ukutani. Kila darasa linachagua picha moja ya kuwekwa katikati. Wifi kashajiandikisha, mstari wa kwanza, kalamu tatu. Nikamwuliza mwalimu bango moja lina karatasi ngapi. Akasema moja. Nikamwuliza nyuma yake kunachapwa nini. Akasema nyuma hakuna kitu, Bibi, ni nyeupe tupu.

Nikamwambia arudie, nisikie vizuri.

Nyeupe tupu. Nimejiandikisha.