Taa kwa Vimea vya Kivulini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Makamu wake, aliyefika kutuambia kwamba Mwenyekiti hakuweza kufika. Padri wetu mpendwa. Mwalimu Mkuu na wanafunzi waliofutiwa kipindi cha hesabu ili wawe na furaha. Walinzi wa msitu, wote wawili. Wenye ng'ombe, na wenye hao mbwa wanaobweka huko nyuma. Ndugu wananchi wa San Gaspar. Nami mwenyewe, Don Evaristo Quirós, Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Utalii wa Mazingira, Kitengo cha Mimea Mifupi: kila mmoja ajihesabu ametajwa kwa kadiri ya cheo chake. (Makofi. Mbwa wananyamaza kidogo, halafu wanaendelea.)

Ndugu zangu, katika muktadha mzima wa suala zima la uhifadhi, nchi hii yetu ya Kosta Rika imekuwa ikitazama juu tu. Mtalii anashuka kwenye basi, anainua shingo kutafuta ndege, anapata maumivu ya shingo, anaondoka. Nani anayetazama chini? Nani anayeujali ule mmea wenye midomo myekundu kama mwanamke anayekwenda dansini, ile migomba-pori yenye maua ya makucha, ile mitende midogo isiyofika hata kiunoni? Mimi! (Sauti ya mwanamke: "Na mimi, tangu hujazaliwa!" Kicheko.) Huyo ni Doña Eduviges, ambaye wageni wote humfuata kwenye korongo la msitu wetu akiwa na mabuti yake ya mvua, na ambaye nilimteua kuwa Mdau Mkuu wa mradi bila yeye kujua.

Utafiti wangu shirikishi, wenye kurasa mia tatu na kumi na mbili, na picha yangu katika kurasa arobaini kati ya hizo, umebaini jambo la kutisha: mwanga wa jua unaofika chini ya msitu wetu ni asilimia mbili tu. Mbili! (Hakuna anayeshtuka.) Serikali sikivu haiwezi kumwacha raia wake, hata awe wa kijani, aishi gizani. Ndipo nikabuni Mradi wa Njia Angavu: njia ya zege, upana mita tatu, ikipita katikati kabisa ya korongo, yenye taa themanini na mbili za umeme, ili kila kimea kipate haki yake ya mwanga na kila mtalii aweze kutembea humo na viatu vya harusi. (Minong'ono. Doña Eduviges anasimama.)

("Don Evaristo, vile vimea vinaishi kwa kivuli! Ukiviwashia taa vitaungua vyote. Na hilo zege lako si litapita juu yake? Mgeni atakuja kutazama nini, zege? Kwao halipo?" Makofi. Mtu anapaza sauti: "Mpe vidonge vyake, Doña!")

Mchango wako chanya umepokelewa, Doña, na kamati itaufanyia kazi. ("Kamati gani, baba? Mimi na binti zangu tunakula kwa hilo korongo. Likifa, nasi tumekwisha.")

Mmechelewa, ndugu zangu! Kazi ilianza mwezi wa pili, na leo tupo hapa kuzindua. Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne! ("Umefikia wapi? Mimi nimetoka huko asubuhi hii, sikuona hata mfuko wa saruji!") Swali zuri. Mahali pa mradi pametajwa kinagaubaga katika waraka, nami niliandika kwa mkono wangu, kama aelekezavyo kila Mkostarika mwenye akili timamu: mita mia mbili kusini mwa pale ulipokuwa mkuyu wa zamani, kisha hamsini magharibi, ukabiliane na lilipokuwa duka la Don Belisario. ("Sawasawa!" wanaitikia wazee. Kila mtu anapajua.)

Mnaona? Hata mtoto angefika. Lakini mkandarasi wetu, mgeni kutoka ng'ambo, mtu wa digrii tatu na malori manne, alizunguka hapa wiki sita nzima akiuliza mkuyu uko wapi. (Mzee mmoja: "Alinijia mimi! Nikamwambia, ulianguka zamani, mzee, ulikuwa karibu na pale alipokuwa akifungwa ng'ombe wa Don Tobías." Kicheko kikubwa.) Nami alinipigia simu, nikamwelekeza kwa upole wote: ukifika shuleni, si hii, ile iliyoungua, pinda. Barua yake hii hapa, naisoma kama ushahidi wa utekelezaji: "Sijaona mkuyu. Sijaona duka. Sijaona ng'ombe wala shule. Narudi kwetu."

Kwa hiyo, kitaalamu, mradi umekamilika katika hatua zote, isipokuwa ile ya kuwepo.

("Yaani hakuna zege?") Kwa sasa hakuna, Doña. ("Wala taa?") Hata balbu moja. (Shangwe. Kofia zinarushwa. Padri anapiga mluzi. Doña Eduviges anapanda jukwaani na matope yake, anambusu Naibu Mkurugenzi Msaidizi shavuni na kumwambia: "Kumbe una maana, mwanangu!")

Ndugu zangu... samahani, nafuta macho. Miaka kumi na tisa ya utumishi, sijawahi kushangiliwa hivi. Vimea vifupi! ("Oyee!") Kivuli! ("Oyee!") Utalii wa mabuti na matope! ("Oyee! Oyee!") Asanteni sana kwa kuuunga mkono mradi huu kwa moyo mmoja. Nanyi nawaahidi, mbele ya Padri: miradi yangu yote ijayo itatekelezwa kwa kiwango hiki hiki.