Hatibu na Pepo wa Kizungu

Kiingereza kinaua! Asiyesadiki na aje hapa Ngamiani aniulize mimi, mama yake Hatibu.

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Tulikuwa tukingoja habari kutoka bomani: mwanangu ataitwa kupimwa, au ndiyo basi? Alikuwa ameomba kwenda chuo kikuu huko Uganda, ambako nasikia masomo yote ni kwa Kiingereza, na hata mpishi akizidisha chumvi hutukanwa kwa Kiingereza!

Alfajiri tarishi akaja mbio. Mzungu wa mtihani atampitia Hatibu papa hapa nyumbani asubuhi hiyo. Akijibu vizuri, amepata!

Hatibu akafunga tai juu ya fulana, chini kavaa msuli.

"Mama, tangu sasa Kiswahili basi! Kinatia ulimi kutu. Sikitamki tena mpaka Mzungu aende zake."

"Na ukitaka chai?"

"Nitaitaka kwa Kiingereza!"

Akaingia chumbani kujizoeza, akajifungia. Kumbe ufunguo ukamkatikia kitasani! Sisi tungejuaje? Tulisikia mlango ukigongwa na Kizungu kikimwagika kama mvua ya masika. Nikatabasamu. Akaupiga mlango mateke. Nikasema, "Soma, baba, soma!" Akaanza kulia. Hapo roho ikaniruka, nikamwita jirani yangu Mwanasiti, fundi wa kupunga pepo.

Mwanasiti akatega sikio mlangoni.

"Shoga, huyu si Hatibu. Huyu ni pepo wa Kizungu, tena mwenye cheo. Bwana Shauri mzima!"

Ubani ukafukizwa chini ya mlango. Ngoma ikalia.

"Sema, we pepo, wataka nini? Sigara? Biskuti?"

Ndani, kikohozi na Kiingereza.

"Ala! Ana kiburi! Ongezeni moshi!"

Hata mwisho Hatibu akashindwa. "Mama, nakufa! Kitasa kibovu! Nifungulieni, jamani!"

Vigelegele! Kombo, mume wa Mwanasiti, akautia bega mlango, ukafunguka kwa kishindo. Mwanangu akatoka macho mekundu, tai imehamia mgongoni. Mwanasiti akamkabili na chetezo kinachofuka.

"Hatujamaliza! Akitoa neno moja tu la Kizungu, arudi ndani, tuanze upya, na safari hii tutatia pilipili kwenye makaa!"

Hapo gari likasimama barazani. Mzungu akashuka, akauacha mlango wa gari wazi, akavua kofia, akamuuliza Hatibu jambo kwa upole, kwa lugha yake.

Hatibu akamtazama Mzungu. Akakitazama chetezo.

"Bwana," akasema, jasho likimtiririka, "mimi Kiingereza hata kukinusa sijakinusa!"

"Kapona!" Mwanasiti akapiga kelele, akanikumbatia.

Mzungu akavaa kofia yake. Mlango wa gari ukafungwa, taratibu.