Kamati ya Hukumu ya Haraka Yawasaka Wale Kumi na Wawili

Umma unaarifiwa kwa furaha kwamba haki imepatikana. Ilipatikana Jumatatu saa mbili na dakika tatu asubuhi, na kufikia saa mbili na dakika kumi na nne ilikuwa imeshapigiwa kura na kutiwa muhuri. Hii ni rekodi mpya kwa Umoja wa Waswahili wa Miji Pacha ya Minneapolis na Saint Paul, na mimi, Katibu wa Kamati ya Hukumu ya Haraka, ndiye niliyeshika saa.

Mshtakiwa alikuwa Perpétue Bagalwa, mwimbaji wa injili anayejulikana kila kanisa la Wakongomani mjini hapa. Meneja wake wa zamani, Alfred, aliwaambia polisi kwamba ameiba gari la bendi. Mahakama ikaunda juri, yaani raia kumi na wawili walioitwa kwa barua, wakakalishwa siku sita kusikiliza ushahidi.

Sisi hatukuwa na siku sita. Tulikuwa na video ya sekunde kumi na tisa, inayomwonyesha Perpétue akiondoka na gari huku anacheka.

"Mtu asiye na hatia anacheka nini?" aliuliza Mwenyekiti wetu, Bwana Nahashon, na hoja ya kisheria ikaishia hapo.

Kura niliiandaa mwenyewe kwenye grupu la WhatsApp, kwa uadilifu mkubwa. Mwananchi alikuwa huru kuchagua: "Ana hatia", "Ana hatia sana", au "Sijaiona video ila ana hatia". Chaguo la tatu lilishinda. Wasiwasi sikuwa nao. Nimesoma shule ya bweni, na misingi ya sheria naijua: mmoja akicheka baada ya taa kuzimwa, bweni zima linapiga magoti, na ushahidi unatafutwa asubuhi kama bado kuna anayeuhitaji.

Dosari ilikuwa moja tu. Wairimu, mke wa Mwenyekiti, alijitoa kwenye grupu siku ileile kesi ilipoanza. Kila mumewe alipoanza kuichambua kesi mezani, mama huyo alivaa spika za masikioni, akabeba sahani yake, akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kula karibu na mashine ya kufulia.

"Amechoka," Mwenyekiti alitueleza. "Wiki hii ana shifti za mchana."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa watu wetu, neno shifti hufunga mjadala kuliko amina.

Siku ya sita juri likatangaza kwamba Perpétue hana hatia. Kamati ikaitisha kikao cha dharura Jumatano jioni, katika ukumbi wetu wa mtaa wa Phillips. Kanuni zetu ziko wazi: aliyehukumiwa na Umma hakanyagi ukumbini. Na Jumamosi, katika ukumbi huohuo, mdogo wake Perpétue, Shekinah, alikuwa anaolewa.

Shekinah alikuja mwenyewe kumtetea dada yake. Perpétue alisimama nyuma yake mlangoni, mguu mmoja nje, kwa kuheshimu kanuni.

"Président, nakuomba," alisema Shekinah. "Huyu ndiye alinilea tangu kambi ya wakimbizi. Nikiingia bila yeye, nitaingia na nani?"

"Binti yangu, Umma umesema."

"Lakini mahakama imesema hana kosa!"

"Mahakama ilikuwa na watu kumi na wawili. Sisi tuko mia nne na sita. Hizo ni hesabu za darasa la tatu."

Chepkemoi, mjumbe mwenye tabia mbaya ya kufikiri, alinyoosha mkono. "Lakini Mwenyekiti, si wao walisikiliza?"

"Hilo ndilo tatizo lenyewe! Ukimsikiliza mtu siku sita, utaanza kumwelewa."

Tulipiga makofi. Kisha tukapitisha Azimio Namba Saba: wale kumi na wawili wasakwe, na mjumbe yeyote wa Umoja asile meza moja wala kulala chini ya paa moja na hata mmoja wao. Neno paa nililipendekeza mimi, kwa sababu lilikuwa na uzito. Mwenyekiti alitia sahihi kwa kalamu mbili, kwani wino wa ile ya kwanza ulikuwa umeganda kwa baridi.

"Sasa," alinguruma, "anayemjua hata mmoja wa watu hao asimame!"

Wairimu, aliyekuwa anagawa chai, aliweka chupa chini.

"Mimi namjua mmoja."

"Mnaona uzalendo? Mtaje, Mama Ian, usiogope!"

"Ni mimi."

Nilisikia mtu akimeza mandazi.

"Wewe ulikuwa shifti," alisema Mwenyekiti.

"Nilisema nina shughuli mchana. Shifti umeitia wewe. Jaji alitukataza kuzungumzia kesi hadi iishe, na sasa imeisha."

"Siku sita nzima unakaa na watu usiowajua!"

"Na walinisikiliza, Baba Ian."

Kisha akatueleza tulichokosa. Video kamili, iliyochukuliwa na kamera ya duka la jirani, ilikuwa ya dakika arobaini. Kadi ya gari ina jina la Perpétue. Alfred mwenyewe alimpa ufunguo. Gari lilipogoma kuwaka, Alfred alilisukuma, likawaka ghafla, naye akaanguka kifudifudi kwenye theluji.

"Hata jaji aliinamisha kichwa asicheke," alisema Wairimu.

Shekinah alinigeukia. "Katibu, hebu soma tena lile azimio."

Nililisoma kwa sauti ya paredi. Nilipofika kwenye paa, Mwenyekiti alikohoa.

"Hilo halijaanza kutumika."

"Limeanza ulipotia sahihi, Mheshimiwa. Saa moja na dakika kumi," nilijibu.

"Basi lifutwe!"

"Umma pekee ndio unaoweza kulifuta," nilisema, na kwa kuwa nilishafungua simu, nikauliza Umma kama Mwenyekiti ana hatia ya kuishi na juri. Ndani ya dakika mbili "Ana hatia sana" ilikuwa na kura mia tatu na kumi na moja. Watu walipiga kura kutoka Golden Valley, wakiwa kazini, bila kujua ni kesi gani.

"Ngojeni!" Mwenyekiti alilia. "Hamjanisikiliza! Kila jambo lina mazingira yake!"

Wengine walikwishaanza kuvaa makoti. Sauti iliyowazuia ilitoka mlangoni.

"Tumusikilize kwanza," alisema Perpétue. "Mimi najua vile inauma."

Wakakaa watu kumi na wawili, Perpétue akiwa mmoja wao, wakamsikiliza Mwenyekiti kwa muda wa saa nne kamili. Wakaamua kwamba Perpétue aingie. Kuhusu paa, Wairimu aamue mwenyewe. Akasema mumewe anaweza kurudi, ila meza ya kula itakuwa ya kula. Na kwa kuwa Umma ulikuwa umemhukumu Mwenyekiti na kanuni aliziandika mwenyewe, Jumamosi asikanyage ukumbini. Asiachwe kwenye baridi pia. Atasimama kwenye sebule ya kuingilia, nje ya milango ya ukumbi, kupokea makoti.

Jumamosi Perpétue alimshika mkono mdogo wake, wakaingia wakiimba, na milango ikafungwa nyuma yao. Mgeni mmoja aliyechelewa alikung'uta theluji, akampa Mwenyekiti koti lake, akamuuliza kama bibi harusi amependeza.

Mwenyekiti alitazama ile milango iliyofungwa.

"Siwezi kusema," alijibu. "Bado sijamwona."