Debe la Khamidun

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya ishirini na tatu nje ya hema la Chenna. Nalala kwenye banda la matairi la binamu yangu Ghissa, kati ya tairi za lori na pipa la grisi. Kwetu Watuareg hema ni mali ya mke. Akikutoa, umetoka. Chenna anasema hana ugomvi nami, amechoka tu kulisha mtu wa mipango. Nirudi siku nitakayopata kazi yenye kiti. Si kibarua, si udalali wa ngamia vilema. Kiti!

Na leo kiti kimejileta chenyewe! Tangazo limebandikwa hapa Tamanrasset, ukutani kwa ofisi ya utamaduni. Watafungua Chumba cha Khamidun, mpiga gitaa wetu, yule ambaye roki yake ya jangwani inachezwa hadi nchi za theluji. Chumba kinataka mlinzi. Mlinzi atapewa kiti, feni na muhuri. Atachukuliwa atakayeleta debe lililozaa gitaa la kwanza la Khamidun, pamoja na habari za maisha yake zisizojulikana na wengi.

Habari ya debe inajulikana na kila mtu: debe la mafuta, fimbo, waya wa breki ya baiskeli, naye akiwa bado mchunga mbuzi. Kwa hiyo nimekaa juu ya tairi nikaandika zisizojulikana. Kwamba mapigo yake alijifunza kwa ngamia anayechechemea mguu wa nyuma. Kwamba hali kitunguu siku tatu kabla ya kupanda jukwaani. Kwamba mpiga gitaa mmoja mashuhuri wa Ulaya (jina nimelihifadhi, maana sina) alisikia kidole gumba chake akalia hadi akabebwa. Habari kumi na mbili kwa jumla. Hakuna anayezijua. Hata mimi asubuhi nilikuwa sizijui.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata debe. Nimelikataa!

Lilikuwa uani kwa mama mkwe wangu, Bi Tanelhir. Debe kuukuu, limelazwa chali, lina tundu la duara tumboni, kuku wanaingiza vichwa humo kunywa maji. Ubavuni kipande cha fimbo iliyovunjika, kimepigiliwa misumari, sijui cha nini. Kumwomba siwezi. Mkwe ni mkwe. Akitokea navuta kilemba hadi machoni na kukodolea mchanga. Miaka kumi na moja sijamwambia neno, naye hajaniambia neno. Nikangoja alale mchana, nikamwaga maji, nikaondoka nalo. Kuku walinitukana njia nzima.

Bandani nikalitazama vizuri. Aibu tupu! Nani ataamini kwamba mtu mkubwa vile alianzia kwenye takataka hii? Nikalitwanga kwa nyundo likawa bapa, nikaziba nalo tundu la paa la Ghissa. Misumari arobaini na saba, maana mimi nikifanya kitu nakifanya. Halafu nikatafuta debe jipya, lenye picha ya ua la alizeti, nikalipaka siki na chumvi, nikalizika zizini chini ya mbuzi. Likae siku mbili tu, litatoka na umri wa miaka hamsini.

Jioni mama mkwe akapita mbele ya banda, kuku mmoja kwapani. Nikavuta kilemba. Akasimama. Hakuniangalia. Akamwambia kuku: "Kuku wangu, aliyechukua debe lako hajui alichokichukua."

Nimemwonea huruma. Chombo cha maji ni chombo cha maji. Nitampelekea sufuria.

Jumanne, 5 Novemba

Ushindi! Hivyo ndivyo nilivyoandika saa nne asubuhi. Nimelifuta neno hilo.

Alikuja ofisa. Mrefu, kilemba hadi puani, miwani ya jua, daftari mkononi. Alisema ametumwa kukagua waombaji wa kazi. Nikampa chai raundi zote tatu, kama desturi ya mgeni. Nikamsomea habari kumi na mbili, akaandika zote. Kwenye ile ya ngamia akasema hajaelewa, nimwonyeshe. Nikachechemea. Akasema nichechemee kwa haraka zaidi, na nitoe sauti. Nikazunguka banda mara mbili nikilia kama ngamia mwenye mwiba. Akasema sasa nimbusu tairi, ni utaratibu wa ofisi.

Nikalibusu.

Ofisa akavua miwani. Ghissa! Binamu yangu! Na nyuma ya ukuta wamesimama mafundi wa matairi wa mtaa mzima, wengine wamekaa chini kwa kucheka. "Ataher," akaniambia, "wewe si mtu wa kupewa kiti. Wewe unafaa kutandikwa tandiko!"

Kukasirika siruhusiwi. Yeye ni mtoto wa shangazi, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani ni haki yake aliyozaliwa nayo. Nilicheka hadi taya likaniuma. Kufikia adhuhuri habari imeshafika kwa Chenna. Amenitumia salamu kwamba amesikia nimeoa tairi, hongera.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimeumwa. Tena basi. Mtu mwingine yeyote akija hapa na kilemba puani, nitajua ni nani.

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi ilikuwa tamu sana. Niiandike kwanza kabla sijaandika mchana.

Ghissa aliaga kwamba anakwenda sokoni. Haikupita robo saa, mtu akaingia. Kilemba hadi puani. Miwani. Akasalimu kwa sauti ya taratibu, akasema yeye ni Khamidun, ametoka safari ya mbali, anatafuta nyumba ya Tanelhir, lakini amechoka na anaomba kukaa kidogo.

Khamidun! Nikampongeza. Nikamwambia safari hii amejitahidi, hata kimo amekipunguza, magoti ameyakunjia wapi? Akajitazama magoti. Nikamwambia Khamidun huwa hakai mikono mitupu, ahamishe zile tairi nne kwanza. Akazihamisha. Nikamwambia apulize moto. Akapuliza. Chai ilipoiva nikanywa glasi zote tatu peke yangu, nikimwangalia usoni, na kila glasi nikasema ahh.

Kisha nikatoa debe la alizeti, nililolifukua jana nikalifunga fimbo na waya. Nikamwambia, haya, Khamidun, piga basi. Akapiga. Nikamwambia mbuzi wangu akijikuna kwenye uzio anatoa kitu bora zaidi. Nikamshika kidole gumba nikamwekea mahali pake. Nikamwambia Khamidun wa kweli hapigi hivyo hata kidogo, na kwamba hali vitunguu. Akauliza kwa upole, hali vitunguu? Nikamwambia wewe utajuaje.

Mwishoni akauliza kama najua lilipo debe la zamani la Tanelhir. Nikacheka, nikamwonyesha paa. Akainua kichwa akalitazama muda mrefu. Akahesabu misumari, nilimwona akihesabu kwa midomo chini ya kilemba. Akanishukuru. Akatoka.

Nilikuwa bado nacheka Ghissa alipoingia kutoka sokoni, kilemba shingoni, gunia la vitunguu begani.

Sijala tangu saa hiyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo ni ufunguzi wa Chumba cha Khamidun, uwanja mzima umejaa. Nilifika na debe la alizeti chini ya joho, kwa sababu mtu hajui bahati. Chenna alikuwa upande wa wanawake, amevaa shela la bluu nililomletea kutoka Agadez. Nina hamu naye mno. Kifua kinaniuma hasa, si maneno ya kuandika tu.

Khamidun akapanda jukwaani, kimo kilekile kifupi. Akasema amekuja kuwapa habari tatu zisizojulikana na wengi. Ya kwanza, juzi ameambiwa kwamba yeye hali vitunguu, jambo ambalo hata yeye alikuwa halijui. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nao, nikipiga hatua za nyuma.

Ya pili, gitaa la debe hakulitengeneza yeye. Lilitengenezwa na msichana aliyekuwa akichunga mbuzi pamoja naye, Tanelhir binti Mokhla. Yule msichana alikuwa ameungua kidole gumba jikoni, kikapinda, ndiyo maana alipiga waya kutokea chini kwenda juu. Yeye Khamidun alimwiga hivyo hivyo, kidole kizima akikipinda makusudi. Leo vijana wa Ulaya na Amerika wanapinda vidole vyao kumwiga yeye, na wanadhani ni siri ya jangwa. "Ni mkono wa Tanelhir," akasema. "Nimetembea nao dunia nzima bila kumwomba."

Mama mkwe wangu! Miaka kumi na moja nimekaa mbele yake natazama mchanga, na habari yote imekaa mbele yangu inatazama pembeni. Kama ningeruhusiwa swali moja tu!

Ya tatu, debe alilirudisha mwenyewe kwa Tanelhir miaka mitatu iliyopita, naye akasema wimbo umeshatoka ndani yake, acha kuku wanywe. "Na sasa," akasema Khamidun, "debe hilo linazuia mvua." Hapo uwanja ulipiga mayowe. Hapa kwetu mvua yenyewe ni ya kusimuliwa.

Ofisi imetuma mafundi. Wamerudi wakasema misumari ni mingi mno, wakiling'oa litavunjika. Kwa hiyo banda lenyewe ndilo Chumba cha Khamidun kuanzia leo. Ghissa amehamia banda la pili. Mlinzi ni Bi Tanelhir. Kiti chake, feni yake, muhuri wake.

Nikajua basi, nimekwisha. Nikavuta kilemba. Mama mkwe akasimama pale mbele ya watu wote, akamwambia kuku: "Kuku wangu, misumari arobaini na saba na hakuna hata mmoja uliopinda. Mtu huyo kazi anaiweza, akiacha kufikiri. Apewe kiti cha pili."

Kiti cha pili! Mkurugenzi wa ofisi ya utamaduni akaandika palepale. Barua ya kazi italetwa kesho na mtu wa wizara kutoka kaskazini. Chenna akanipita karibu sana, akasema bila kugeuza shingo: "Niletee barua yenye muhuri, hema liko wazi. Nimeshaanza kukuwekea mkate."

Nimejifunza, wallahi. Sitapanga mpango tena.

Jumapili, 10 Novemba

Siku ya kwanza ya kazi. Upepo wa mchanga tangu alfajiri. Wageni wakiuliza kitu siwezi kujibu, maana mama mkwe amekaa mlangoni na kuku wake. Nanyoosha kidole paani tu. Nimeanza kuandaa orodha ndogo ya habari zisizojulikana na wengi, ya kuwagawia kimyakimya. Habari ya kwanza: Ataher aliliokoa debe kwa wezi kwa kulipigilia juu walikoshindwa kulifikia.

Saa tatu akaingia mtu. Kilemba hadi puani, miwani, bahasha mkononi. Alisema ametoka wizarani na ameleta barua yangu. Hata lafudhi ya watu wa kaskazini ameiiga! Kweli Ghissa ana kipaji. Nikampa ufagio. Akaanza kulalamika, nikamwonyesha kona yenye mchanga zaidi. Mama mkwe akamwambia kuku: "Usicheke, kuku wangu."

Mkaa ulikataa kushika. Nikauwasha kwa ile barua yake. Imewaka vizuri, ila muhuri ulichelewa kidogo. Chai ilipoiva nikaita kwa sauti, Ghissa, acha ufagio, njoo unywe. Ghissa akaitika kutoka banda la pili.

Kwa hiyo safari hii amemtuma mtu mwingine. Hodari! Lakini mimi sidanganywi tena. Yule bwana bado anafagia, anatetemeka kabisa, anaigiza vizuri. Jioni nitamsimulia Chenna. Atafurahi.