Shikamoo Katikati ya Gemu

Jumatatu, 9 Juni

Nimefungwa tena na Fabian. Fabian ni mhasibu wa ofisini kwetu, mpole hadi anakera. Gemu yenyewe ukiitazama ni ya kitoto. Gololi za rangi zinashuka kwenye skrini, unakusanya za rangi moja, zinapasuka. Lakini zikipasuka kwako, mawe yanamwangukia mwenzako. Hapo ndipo utamu ulipo. Na mawe yote ya Fabian yananiangukia mimi!

Gemu ni ya Evodia, mpangaji mwenzangu hapa Ipagala. Leo katangaza kwamba Jumamosi kuna mashindano ya wawili wawili kwenye ukumbi wa mtaa. Anataka mwenza. Mimi na Fabian tucheze Ijumaa jioni sebuleni kwake, atakayeshinda ndiye.

Lazima niwe mimi. Mama yangu nimeshamwambia kwamba nina mchumba anayeitwa Evodia. Evodia mwenyewe bado hajaambiwa.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya utafiti. Fabian anashindaje? Nimekaa naye wakati wa chakula cha mchana, nikamuuliza kwa ujanja, kama vile sijali. Akaniambia kila kitu! Mtu wa ajabu. Eti pembeni mwa skrini kuna kidirisha kinachoonyesha gololi zitakazofuata, naye hutazama huko.

Kidirisha! Miezi yote hii nilidhani ni pambo.

Jioni nikajaribu kutazama huko pembeni. Nikatazama mno, nikasahau zilizokuwa zinashuka. Nimekufa haraka kuliko kawaida. Inashangaza. Mtu atatazamaje yajayo na yaliyopo kwa macho haya haya mawili?

Jumatano, 11 Juni

Uzuri wa mashine ya Evodia, unaichomoa kwenye TV ukaenda nayo mkononi. Nimeiazima, nikaichezea kazini ndani ya droo. Bosi akauliza natazama nini humo. Nikasema natafuta stepla. Akaniletea ya kwake, akasimama pale hadi nikabana karatasi.

Lakini jioni! Ugunduzi! Fabian alikuwa ananichapa vizuri tu sebuleni kwa Evodia, mara akaingia Mzee Methusela, mwenye nyumba wetu. Fabian akaweka pedi ya gemu chini. Akasimama. Shikamoo. Na salamu za Mzee Methusela, kama Mgogo wa kweli, hazina haraka. Za nyumbani, za kazi, za wazazi, za mvua, za mifugo. Fabian hana hata kuku, lakini alijibu za mifugo.

Na gemu hii mkicheza wawili haisimami. Upande wake ulikuwa unajaa gololi huku yeye anaulizia mtama. Ningeshinda, ila na mimi nilisimama kuamkia. Malezi mabaya hayo, yaani mazuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepanga. Nimemwendea Mzee Methusela, nikamlilia kwamba vijana wa mjini wamesahau heshima. Nikamwomba kesho jioni, sisi tukiwa tunacheza, aingie kwa Evodia asalimie kwa kirefu, tujifunze. Mzee akaguswa. Akanishika mkono, akasema hakujua kuwa mimi ni kijana wa namna hii.

Nilijisikia vibaya. Kisha chai ikaja.

Limebaki tatizo moja: nikimsikia, nitasimama. Najijua. Dawa ni pamba masikioni. Upepo huu wa Juni unampa kila mtu mafua, hakuna atakayeshuku.

Ijumaa, 13 Juni

Nianze mwanzo.

Tulianza. Fabian akanizidi kama kawaida. Mawe, mawe, mawe. Mara kwa jicho la pembeni nikamwona anaweka pedi chini na kusimama. Mzee kaja! Sikugeuka. Masikioni kimya kabisa. Upande wa Fabian ukaanza kujaa. Nikapasua, nikapasua tena, nikamfukia. Nikapiga kelele, lala huko! Nikaruka, mikono juu, nikageuka.

Hakuwa Mzee Methusela.

Alikuwa mama mmoja mwenye vumbi la safari, kanga mbili, na uso wa Evodia ule ule, ila umekomaa. Mama yake, Bi Dorkasi, ameshuka basi la Kondoa bila taarifa. Fabian alikuwa ameshampokea mzigo. Mkono wa mama ulikuwa umenyooshwa kwangu. Sijui kwa muda gani.

Nikachomoa pamba. "Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu," akasema taratibu. "Masikio yanauma?"

Nikasema mafua. Akamtuma Evodia akapashe mafuta ya nazi, akanilaza kichwa pajani pake na kunidondoshea kwenye masikio yote mawili mbele ya Fabian. Nilitamani ardhi inimeze. Na hapo ndipo Mzee Methusela alipoingia. "Mbukwenyi!" akaamkia kwa Kigogo. Akatusalimia wote kwa kirefu, kisha akawaeleza kwa fahari kuwa ni mimi niliyemwalika, nikitaka wakubwa wakiingia, vijana waache mchezo waamkie.

Evodia alinitazama. Alielewa yote. Lakini ni mtu wa neno lake. Akasema nimeshinda, na kesho mimi ndiye mwenza wake.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Dorkasi alikuja kutazama, akakaa karibu kabisa na mlango. Nikaamua leo ataniona nilivyolelewa.

Akaingia mzee, nikasimama. Shikamoo. Wakaingia kina mama wa kwaya, nikasimama. Shikamooni. Kwenye mashindano ya wawili wawili mnakuwa upande mmoja, mmoja akiacha pedi mwenzake analemewa. Evodia alikuwa ananong'ona niketi. Nikamwamkia hata muuza karanga. Ni mdogo kwangu yule. Alishtuka, kisha akaitika marahaba, na nadhani alifurahi.

Tumetolewa mchezo wa kwanza.

Tulipotoka nje Evodia hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba mama yake amempenda Fabian, na yeye pia, tena siku nyingi, na mwezi ujao Fabian anakwenda kwao Kondoa kusalimia.

Kusalimia. Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, nimeumia sana.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Mama kapiga simu, kauliza Evodia hajambo. Nimesema hajambo.

Kisha nikaanza kuwaza. Kutoka hapa hadi Kondoa si karibu. Na Fabian akiwa ndani ya basi, mzee akakosa kiti, Fabian atafanya nini? Atasimama! Sasa basi likiwa na wazee wengi? Atafika ukweni miguu imevimba, kinywa kikavu, hata salamu haitoki.

Inawezekana kabisa. Kesho asubuhi naenda stendi kuuliza wazee wa Kondoa husafiri siku gani kwa wingi.