Niwekee Kama za Yule

Jumanne, 6 Januari

Hili sijamwambia mtu: sijui wimbo mpya hata mmoja. Mama ni mwalimu wa kwaya, na redio yetu haijawahi kuhama kituo cha injili. Shuleni wenzangu wakiimba, mimi nilichezesha midomo. Miaka minne! Hakuna aliyegundua.

Leo dada Juliana amesema muziki wa sendofu yake ataleta Nelly, maana Nelly anajua vitu vipya. Nelly ni jirani yetu. Tumemaliza naye kidato cha nne, na tangu hapo anatembea na spika ndogo mkononi kama pochi. Juliana akanitazama, akasema, "Au Melania atuletee pambio." Wote wakacheka. Hata Herman, anayekodisha spika kubwa, alicheka, ingawa kidogo.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nyimbo zote mpya ninazo. Zote! Mdomo huu huu ambao haukuwahi kujibu swali darasani.

Jumatano, 7 Januari

Nimeenda kwa Marcel, anayeuza nyimbo kwenye memori kadi pale stendi ya Masumbwe. Akaniuliza nataka za nani. Nikajifanya kuzisoma kadi zake. Akasema basi niimbe kidogo, atautambua wimbo. Niimbe! Mbele ya bodaboda wote wale!

Aliyehudumiwa kabla yangu alikuwa mchimbaji. Viatu vipya, nyaya masikioni, anatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Niwekee kama za yule."

Marcel akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu mimi ni shabiki wa siku nyingi. Mpango safi. Mwenye viatu vile hawezi kuwa na nyimbo za zamani.

Kuzisikiliza nyumbani haiwezekani. Nyaya za masikioni sina, na Mama anasikia kama popo. Kadi iko ndani ya soksi.

Jumamosi, 10 Januari

Sendofu ya Juliana. Nimempa Herman kadi. Wimbo wa kwanza: Kisukuma! Wale waimbaji ambao wachimbaji huwalipa ili watajwe majina. Nelly alishika mbavu. Nilitafuta pa kujificha, nikaona nyuma ya keki panatosha.

Mara mwimbaji akaita: Maganga! Maganga mwenye duara, shimo linalotema dhahabu!

Maganga ni baba yake Nelly. Na kwetu ukitajwa hukai. Mzee akainuka, akacheza hadi katikati, noti juu, akimtafuta mwimbaji wa kumtunza. Hayupo. Akaibandika kwenye spika. Vigelegele! Nelly akaacha kucheka, akapiga makofi kwa fahari.

Ubeti wa pili, mwimbaji akamsifu Maganga kwa nyumba ya bati jipya aliyomjengea mkewe wa Isaka.

Mama Nelly ni wa Masumbwe. Hajawahi kuishi Isaka.

Mzee alikuwa bado ameinua mikono. Nadhani alilipia kutajwa, akasahau kulipia kunyamaziwa. Akamwambia Herman azime. Mama Nelly akasema taratibu, "Rudisha nyuma, mwanangu. Hapo kwenye bati."

Herman akarudisha.

Jumapili, 11 Januari

Baba Nelly amelala kwenye gari lake. Kanisani kina mama walinisalimu kabla sijawapa shikamoo, wakauliza kwa sauti ya chini kama kwenye kadi kuna majina mengine. Herman kasema ninachagua nyimbo hatari, na harusi ya Jumamosi ijayo nichague mimi. Nimekubali.

Jioni Nelly alikuja uani, bila spika. Macho mekundu.

"Ulijua tangu lini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: sikujua, sikuwahi hata kuusikia. Lakini shabiki gani analeta wimbo asioujua? Nikamwambia, "Muda."

Akaondoka bila kuaga. Nimelia kidogo, halafu nimepanga.

Kesho narudi kwa Marcel. Nimeshajua kosa lilipokuwa: viatu. Safari hii nitasubiri mteja wa kandambili.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali. Nelly asijue kwamba sikujua.