Mkono wa Kulia kwa Siku Tano

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mama mkwe, Bi Mwanahamisi, kafika jana kutoka Ziwani. Kasema mjini hapa tunakula upepo, kwa hiyo Jumamosi anaondoka na mimi na binti yangu Sabra, tukalime mihogo. Mume wangu Hemedi atabaki na vibarua vyake vya bandarini. Hemedi kainamia chai yake. Mimi nimeinama zaidi, maana nina mpango.

Kiwanda kipya cha korosho hapa Mtawanya kinachukua wabanguaji. Darasa la saba linatosha, ninalo. Ila Abeid mlinzi kaninong'oneza getini kuwa mashine zote zinavutwa kwa mkono wa kulia, mashoto wasijisumbue. Mimi ni mashoto tangu tumboni. Fomu inauliza mkono unaotumia. Nimeandika: wa kulia. Nimeuandika kwa kushoto, lakini karatasi haisemi. Majaribio Ijumaa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeufunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ili mwenzake ajifunze kazi. Nimemwaga uji. Nimemsuka Sabra mikia miwili, mmoja umetokea sikioni. Yeye anacheka tu, mwanangu.

Bi Mwanahamisi kaniona nafagia, uchafu unarudi ndani. Kauliza kama nimepooza. Kusema ukweli ni kuua mpango. Nikasema mkono unaniuma kidogo. Alasiri kaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya, kutoka kwa shehe, kikombe kizima. Nimekunywa lote. Alhamdulillahi, sijapooza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi uani, jiwe na korosho za mwaka jana. Matokeo: nzima mbili, vipande bakuli zima, kidole gumba kimoja.

Mgeni, jirani yangu, naye kaomba kazi hiyohiyo. Kachungulia. "Shoga, hizo korosho zimegongwa na lori?" Nikamjibu za kusaga hizo, natia kwenye kisamvu. Kasema basi kisamvu cha harusi.

Tumekula kisamvu cha korosho mchana na jioni. Bi Mwanahamisi kakisifu mno. Kasema Ziwani nitampikia kila siku. Balaa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepangiwa mashine ya tatu. Mguu unakanyaga, mkono wa kulia unavuta mpini, ganda linapasuka, korosho inatoka nzima. Kwa wenzangu. Yangu ilitoka unga.

Msimamizi, mama Martha, kasimama nyuma yangu na fomu. Kauliza kama kweli natumia wa kulia. Nikasema ndiyo, mama. Mgeni akadakia kutoka mashine ya pili: "Wa kulia wa nani? Huyo hata hodi anabisha kwa kushoto." Chumba kizima kikacheka. Mimi nikaiona mihogo ya Ziwani, tuta kwa tuta, na Hemedi akipunga mkono kwa mbali. Machozi yakanitoka. Nikakiri.

Mama Martha hakunifukuza. Kanishika bega hadi pembeni, mashine ya kumi na mbili. Fundi aliifunga kinyume, mpini uko kushoto, tangu ifike hakuna aliyeiweza. Nikakaa. Nzima. Nzima. Nzima tena. Mkono wangu kama umerudi kwao.

Kasema wiki nzima wanatafuta mashoto. Ningeandika ukweli, ningekuwa kazini tangu Jumanne. Kasema binti, siku nyingine andika ukweli. Nikasema nimesikia, mama.

Getini nimemuuliza Abeid nani alimwambia mashoto hawatakiwi. Kasema hakuna, alichungulia tu dirishani. Mgeni naye kapata. Jumatatu tunakwenda pamoja, sina budi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bi Mwanahamisi kasikia nimepata kazi kwa mkono wa kushoto, kaondoka peke yake. Sabra kamnyooshea mkono wa kushoto kumuaga. Siku zote bibi yake anaupiga kibao kidogo. Leo kaubusu, kasema huo ni mkono wa kiwandani. Kisha kamgeukia Hemedi, kamwambia kombe lile limefanya kazi. Nimemwachia.

Jioni nimepita kiwandani kuchukua sare. Ubaoni kuna tangazo jipya: dereva wa foklifti, uzoefu miaka mitatu. Fomu nimeijaza palepale. Uzoefu: miaka mitano. Toroli ninalosukumia maji lina matairi na linabeba mzigo, si uongo sana. Mkono unaotumia: yote miwili.

Kesho asubuhi naanza mazoezi na toroli. Sabra atakaa mbele, awe gunia.